Mtu wa Kushika Mlango

Kambi ya wapima barabara,
Maktau.
3 Agosti 1955

Dada Jerusha,

Salamu zangu zikufikie huko Sagalla pamoja na vumbi la huku, maana limeingia kila mahali na bila shaka limo hata ndani ya bahasha hii. Mimi ni mzima. Nilifika kambini Jumatatu na sanduku langu la vifaa, nikapewa kazi siku hiyo hiyo, na kazi yenyewe utacheka.

Mzungu anayesimamia kambi hii halali hemani. Amejengewa nyumba juu ya lori: kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa, kabati la sahani, na mlango ubavuni wenye ngazi mbili za kupandia. Kambi ikihama, nyumba inahama naye. Watu wanamwita Bwana Mshipa, kwa sababu ya mshipa ulio kwenye paji la uso wake. Ukisimama huo, kila mtu anakumbuka kazi aliyoiacha mbali. Basi mlango wa nyumba hiyo haufungi. Ukiusukuma unagota juu, chini unaacha mwanya wa kupitisha paka, na komeo halifikii tundu lake. Lori likianza kurukaruka barabarani unajifungua, na sahani zinamwagika njiani. Fundi aliyenitangulia aliufunga kwa kamba. Kamba ikakatika, naye akachapwa mpaka akazimia, kisha akafukuzwa.

Unajua tangu hapo wanaufunga kwa kitu gani? Kwa mtu. Mpishi anasimama nje kwenye ngazi, mkono mmoja ameshika mpini wa mlango, mwingine ameshika chuma cha dirisha, na lori linakwenda. Nilipomwona mara ya kwanza alikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele hadi viatu. Sikumtambua mpaka alipokohoa. Ni shemeji Francis! Mumeo, aliyekuaga kwamba anakwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Alishuka mpaka Voi, akageukia huku.

Sikumcheka mbele yake. Nacheka sasa, kwenye barua.

Ila kuna jambo moja. Nilipopita nyumbani nilikuona una pengo mbele. Ulisema ulianguka na debe la maji kwenye mawe ya kisimani, na ulisema huku umegeuka upande. Nijibu tena, kwa maandishi.

Ndugu yako,
Crispus Mwandawiro


Sagalla.
11 Agosti 1955

Mdogo wangu Crispus,

Barua yako nimeipata, nikaikung'uta kwanza nje kama mkeka. Sisi ni wazima. Maji ndiyo hayo hayo. Tunapanga madebe kisimani tangu alfajiri, na watu wamekuwa wakali. Juzi Tryphena alimpasua mwenzake kichwa kwa mdomo wa debe kwa ajili ya nafasi moja ya foleni, na damu ikaingia kwenye maji tuliyokuwa tukiyangojea. Tuliyateka vivyo hivyo.

Kuhusu jino, nilikwisha kukueleza. Mawe yanateleza. Mtu anaweza kuanguka bila kuandikiwa barua ya kuulizwa.

Kwamba Francis hayuko Mombasa nilijua zamani. Yule angefika Mombasa angekuwa ameshaandika kujisifu. Lakini hayo ya kuning'inia nje ya lori yamenitia hofu, nami sitaki kucheka. Utengeneze mlango huo upesi, na usianze na randa. Nakujua wewe: ukiona mlango unagota, mkono wako unakwenda kwenye randa kabla ya macho kutazama. Unakumbuka mlango wa mama mwaka ule wa mvua nyingi? Baba hakuugusa. Alizunguka nyumba, akakuta jiwe la pembeni limezama, akaliinua kwa nondo, na mlango ukafunga wenyewe. Haukuwa na kosa lolote.

Wangu hapa pia haufungi, na umeniahidi tangu Pasaka ya mwaka juzi. Nitangoja. Huo wa kambini kwanza.

Dada yako,
Jerusha


Maktau.
24 Agosti 1955

Dada,

Nina habari mbili, nazo zote ni za kupigana.

Jumamosi tulikwenda Bura kuchukua unga na mafuta. Kwenye korongo lori liliruka, na mlango ukamponyoka shemeji. Taa ya Bwana Mshipa ikaanguka, na chupa zake nne. Lori likasimama. Mshipa ulikuwa umesimama kama kamba ya ngoma. Akachukua kiboko, akamwambia Francis avue shati, akampiga pale pale barabarani mbele yetu sote, mbele ya akina mama waliokuwa wanapita na mizigo ya viazi. Alimpiga mpaka akachoka, akapumzika, akanywa maji, akaanza tena. Nilisimama na nyundo mkononi, sikufanya lolote. Nakuambia kwa sababu nimeona haya.

Jioni nilimpaka mafuta mgongoni. Nilimwonea huruma, dada, huruma ya kweli. Alikuwa akilalamika, mtu mzima kupigwa kwa ajili ya taa! Nikasema pole, shemeji. Ndipo akasema, na maneno yake nayaandika kama yalivyo: "Mimi hata nyumbani nikiinua mkono huwa na sababu. Dadako alinijibu vibaya siku ile, nikamgusa na mwiko wa ugali mara moja tu. Lile jino lenyewe lilikuwa limelegea."

Nilikuwa bado nina mafuta yake viganjani.

Nilimpiga begani kwa nyundo ya mbao. Akanirukia, tukagaagaa vumbini nyuma ya lori la maji. Aliniuma sikio, kipande kimekwenda. Nilimkaba koo mpaka ulimi ukatoka, na nisingemwachia, ila Nzomo, dereva Mkamba wa lori hilo, anayetuletea maji toka stesheni ya Voi, alitumwagia debe zima, akanivuta kwa ukosi kama mbwa. Watu walimlalamikia Nzomo kwa kupoteza maji.

Kwa hiyo mawe ya kisimani hayakuwa na kosa, dada. Ulinidanganya kwa maandishi.

Mlango naushughulikia. Randa nimeitoa. Sina haraka nao.

Crispus


Sagalla.
31 Agosti 1955

Crispus,

Ndiyo, ni yeye. Alinipiga na mwiko, nami nikampiga na mpini wa jembe, muulize alama iliyo kwenye goti lake. Kisha akaondoka. Nilisema nimeanguka kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu mamake Francis alikuja kabla ya watu wengine akaniambia, "Utasema umeanguka." Nikasema. Sasa Sagalla nzima inajua kwamba nilianguka. Wananipa pole ya kuanguka, wananishauri juu ya viatu.

Nimechoka kuanguka. Nimemwambia baba ukweli, na baba amewaambia wazee. Wameweka siku, Jumamosi tarehe moja Oktoba. Francis ataitwa asimame katikati ya watu, aseme kwa mdomo wake alichofanya. Hicho tu ndicho ninachotaka. Nakitaka kuliko mvua.

Sasa nisikilize vizuri. Umeniandikia kwamba huna haraka, na neno hilo limenikosesha chakula. Francis akidondoka kwenye lori lile akafa, unajua atakuwa nani? Atakuwa marehemu. Watamleta hapa kwa nyimbo, mamake atazirai, watasema alikuwa mtu mpole aliyekufa kazini, na mimi nitakaa mkekani na pengo langu, mjane aliyeanguka kisimani. Nitakuwa nimeanguka mpaka siku ya kufa kwangu. Ukimuua unaniua mimi mdomo.

Baba anasema utase, uiteme hasira kama walivyofanya wazee wa zamani. Ndiyo, najua sisi ni watu wa kanisa, na mchungaji asisikie. Baba anasema hasira unayomwekea mtu wa nyumba yako haitulii kifuani, inatoka yenyewe kwenda kuuma watu. Piga funda la maji, uyateme chini, useme kwa sauti kwamba kama ulimkasirikia Francis, hasira hiyo itoke iende zake. Ukishatasa, weka randa chini, utazame magurudumu na springi za lori hilo. Nyumba iliyopinda haina mlango unaofunga.

Nijibu mambo hayo mawili.

Jerusha


Maktau.
12 Septemba 1955

Kwa dada Jerusha,

Barua yako nimeipata. Habari njema ni kwamba mlango umekwisha. Nimeuchonga upya kwa mbao safi na kuutia komeo jipya la shaba. Lori likiwa limesimama unafunga kwa kidole kimoja. Bwana Mshipa aliufungua na kuufunga mara nyingi, akanipa sigara.

Shemeji hatasimama tena ngazini. Sasa atasafiri ndani, kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza mlangoni na kabati la sahani ameliziba kwa miguu. Amefurahi sana. Ameniomba msamaha kwa sikio. Kwa jino hakuomba.

Tarehe ishirini asubuhi kambi inahamia Mahoo, upande wa Taveta. Barabara ni mbaya, korongo baada ya korongo. Likitokea lolote njiani, hakuna atakayemlaumu fundi. Kila mtu ameuona mlango ukifunga.

Usiwe na wasiwasi tena.

Crispus


Sagalla.
18 Septemba 1955

Crispus,

Sitaipeleka barua hii posta. Nateremka mwenyewe mpaka Voi, nimtafute Nzomo wako kwenye mabomba ya maji ya stesheni, nimwekee mkononi. Nitamwapisha kwamba utaipata kabla lori halijaondoka.

Nilikuuliza mambo mawili. Hukutaja kutasa. Hukutaja springi. Umeniandikia kwamba mlango unafunga lori likiwa limesimama. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi ikalegea. Mimi si mtoto, nami nimelelewa nyumba moja nawe. Najua unavyoandika ukiwa umevunja kitu.

Umemkalisha mgongo mlangoni!

Mtoe hapo. Sikuombi kwa ajili yake. Nilipopigwa nilitaka afe, nilitaka siku tatu nzima, nikatazama mpini wa jembe nikijua pa kumpiga akiwa amelala. Nikaacha. Mimi niliyepigwa niliacha, Crispus. Wewe nani akutume?

Mtoe hapo, anahitajika Sagalla tarehe moja, akiwa na ulimi wake.

Jerusha


Hospitali, Voi.
25 Septemba 1955

Dada Jerusha,

Usishtuke kwa mwandiko huu, si wangu. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji mpaka kiwiko, na vidole viwili havimo tena. Anayeandika ni mumeo. Amekaa kwenye kiti karibu na kitanda changu, na ameniapia kuandika kila neno ninalosema, hata lisilompendeza. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mzee Kituku, alikuwa karani. Nitampa aisome kabla ya kutumwa, awe shahidi, na Francis anajua.

Nzomo alinifikia tarehe ishirini asubuhi, watu wakipakia mahema. Nilisoma nikiwa nimesimama. Nilikwenda nyuma ya lori la maji, nikapiga funda la maji nikatema, nikasema kama nilimkasirikia Francis, hasira itoke. Nilisema mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa naongopa.

Kisha nikamwendea Bwana Mshipa. Nikamwambia mlango haufai, springi ya nyuma kushoto imevunjika vyuma viwili, nyumba yote imepinda, anipe siku moja. Akasema, "Wiki iliyopita ulisema umekwisha." Akanipiga shavuni na ile fimbo ya chuma ya kupimia, nikaanguka, akanipiga teke la mbavu, akapanda mbele na kuondoka. Nikainuka nikakimbia. Nikarukia ngazi, nikashika mpini na chuma cha dirisha, alipokuwa akisimama Francis. Nilimpigia kelele atoke mlangoni. Alidhani nataka kumpiga tena, akaegemea kwa nguvu zaidi.

Korongo la kwanza tulipita. Kwenye la pili lori liliinama kushoto na komeo likatoka tundu lake, kama nilivyojua litatoka. Mlango ukafunguka nami nikiwa nimening'inia juu yake. Francis akatoka kinyumenyume na sahani zake. Nilimdaka mshipi kwa mkono wa kushoto. Kwa wa kulia nilishika fremu, pembeni ya bawaba. Lori likainuka upande wa pili na mlango ukarudi. Dada, nilikuwa nimeuchonga makali. Nilisikia vidole kabla ya kuvihisi. Tukaanguka wote wawili barabarani, yeye juu yangu, na mlango huko mbele ukawa unapigapiga.

Bwana Mshipa alirudi na kiboko. Alikuta sahani zimevunjika, akanipiga mimi niliyekuwa chini. Alipiga kichwa, alipiga ule mkono wenyewe uliokatika. Francis alisimama akitazama. Nimemwambia aandike hivyo, na ameandika. Hakuinua hata kidole. Aliyekuja ni Nzomo, akakishika kiboko kwa mkono mtupu, akasema, "Bwana, basi." Siku hizi za hali ya hatari watu wanafungwa kwa kosa dogo kuliko hilo. Lakini Bwana Mshipa alimtazama Nzomo mabega yake, akakiachia. Akatufukuza sote watatu kazini, na Nzomo akatupakia kwenye lori lake la maji akatuleta Voi, ndipo akalirudisha.

Sasa andika hili, shemeji.

Siku ya kwanza kabisa kambini nilining'iniza timazi kwenye fremu ya mlango ule, nikaona umepinda kwa upana wa vidole viwili. Nililala chini ya lori nikaiona springi iliyovunjika. Nilijua kabla sijakuandikia barua ya kwanza. Siku zile nilinyamaza kwa uvivu na kwa kicheko. Baada ya habari ya jino, nilinyamaza kwa makusudi. Nilichonga mlango mpya ufunge lori likisimama na ufunguke likiinama kushoto. Kigoda nilikichonga mimi. Nilikuwekea pale, Francis, ili ufe.

Ameacha kuandika. Namwambia aandike kwamba ameacha kuandika. Ananitazama. Amesimama. Amekwenda dirishani, na Mzee Kituku ameinuka kitandani akidhani tutapigana.

Amerudi, nami nimemwambia aandike na hayo. Anaandika tena.

Nimemwambia, mimi langu nimelisema mbele yako, na umeliandika kwa mkono wako. Unaweza kulipeleka polisi, sitakana. Sasa la kwako. Mimi nanyamaza.

Mimi Francis nilimpiga mke wangu Jerusha mdomoni kwa mwiko mwezi wa tano. Alikuwa amenijibu. Jino ~~lilikuwa limelegea~~ halikuwa limelegea. Nimekata maneno hayo mwenyewe, Crispus alinitazama tu. Halikuwa limelegea. Mama yangu alipokwenda kumwambia aseme ameanguka, mimi ndiye niliyemtuma. Hilo hata Crispus hakulijua. Barabarani nilisimama kwa sababu niliogopa kiboko. Nilipokuwa nampiga Jerusha sikuogopa kitu.

Nakwenda kumpa Mzee Kituku asome.

Francis

Crispus ametia alama ya kidole gumba cha kushoto hapa.


Sagalla.
28 Septemba 1955

Kwa Crispus na kwa Francis,

Barua yenu moja nawajibu kwa barua moja.

Crispus, nimelia kwa vidole vyako. Kisha nimekutukana peke yangu jikoni, mama akadhani nina mgeni. Ulinipenda vibaya sana, mdogo wangu. Jumamosi utakuja na bandeji yako, utatasa tena mbele ya baba na mbele ya Francis, na mara hii useme kweli toka mara ya kwanza.

Francis, mwandiko wako naujua. Maneno uliyoyakata bado yanasomeka, na nimefurahi kwamba yanasomeka. Baba ameniambia karatasi hii inatosha, kwamba wazee wanaweza kusomewa, nawe ukabaki Voi. Nimekataa. Karatasi nitaiweka mimi. Wewe utakuja usimame pale, mamako akiwa amekaa mbele, useme yote kama ulivyoandika, na hilo la kumtuma usilisahau. Ndipo nitakapotabasamu mbele za watu nikiwa na pengo langu.

Halafu usidhani utarudi nami nyumbani jioni hiyo. Ule mlango wetu usiofunga nilichoka kumngoja fundi. Juzi nilizunguka nyumba, nikakuta jiwe la pembeni limezama upande wa jikoni. Mimi na mama tuliliinua kwa nondo ya baba, tukalitilia mawe madogo chini. Mlango wenyewe sikuugusa. Sasa unafunga sawasawa, juu na chini, na komeo nimelitia kwa ndani.

Ukitaka kuja siku nyingine, utapiga hodi, usimame nje, ungoje kama nitajibu.

Jerusha